Barua ya wazi kwa Wizara ya Uchukuzi ya Marekani: tupimeni tukiwa kazini

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi, Washington. Kwa wakuu wa FMCSA, mamlaka inayosimamia usalama wa malori na mabasi. Na nakala kwa magavana wa majimbo 24 yaliyohalalisha bangi.

Salaam na heshima.

Mimi ni dereva wa masafa marefu, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Iowa. Barua hii naiandika kwa Kiswahili makusudi. Kiingereza ninacho cha kutosha kusoma mabango ya barabarani na kumjibu askari wa mizani, kama mlivyosisitiza mwaka 2025. Lakini jambo lenyewe linawagusa Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania na Wanyarwanda wengi wanaovuta trela nchini humu, na nataka kila mmoja wao asome nilichowaandikia bila kumtafuta mtoto wake amfasirie. Ninyi wakalimani mnao.

Niondoe shaka mapema. Bangi situmii, wala simtetei mtu anayeshika usukani wa lori la pauni 80,000, yaani tani 36 na ushei, huku ana stimu kichwani. Mtu huyo nataka ashushwe garini palepale. Historia ya kanuni zenu pia naijua. Tarehe 4 Januari 1987, huko Chase, Maryland, injini za treni za mizigo zilipitiliza taa ya kusimama, treni ya abiria iliyokuwa ikija kasi ikazigonga, watu 16 wakafa, na ikabainika kwamba dereva wa zile injini na mwenzake walikuwa wamevuta bangi. Bunge lenu likatunga sheria mwaka 1991 ya kuwapima wote wanaoendesha vyombo vikubwa. Waliokufa hawakustahili kufa, na sheria ile ilikuwa na sababu.

Malalamiko yangu ni juu ya kile mnachokipima, na juu ya namna serikali zenu mbili, ya Washington na ya majimbo, zinavyogombana halafu gharama ya ugomvi analipishwa dereva.

Chukueni barabara ya I-80, ambayo siku hizi naijua kuliko njia za kwetu Kisauni. Inaanzia New Jersey, inaishia San Francisco, inapita majimbo 11. New Jersey bangi inauzwa dukani na risiti unapewa. Pennsylvania mpaka uwe mgonjwa mwenye kadi. Ohio wananchi walipiga kura Novemba 2023, na Agosti 2024 maduka yakaanza kumuuzia mtu mzima yeyote. Indiana ni kosa. Illinois ni halali tangu 1 Januari 2020. Ukivuka daraja la mto Mississippi umeingia kwetu Iowa, na kile ulichokinunua kwa haki ng'ambo ya pili kinaweza kukulaza ndani. Nebraska na Wyoming usithubutu kukutwa nayo kwa starehe. Utah ni dawa tu. Nevada na California, karibu wateja.

Kwa dereva mwenye CDL, yaani leseni ya kuendesha magari makubwa ya biashara, ramani hiyo yote haina maana. Sisi tuko chini ya kanuni za Washington popote magurudumu yalipo, tukiwa kazini au nyumbani, na hata akiwa na cheti cha daktari wa jimbo dereva haponi. Wenzetu wa Kanada yamewakuta hayohayo: kwao bangi ni halali nchi nzima tangu 17 Oktoba 2018, lakini anayevuka mpaka na mzigo kuja huku anapimwa kwa kanuni zenu. Mimi hilo nalielewa, na madereva wazoefu wote wanalielewa. Asiyelielewa ni yule aliyepata leseni mwaka jana, aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu miaka michache nyuma, anayesikia kila siku redioni kwamba bangi imehalalishwa. Imehalalishwa kwa nani? Hakuna aliyemwambia kwamba yeye hayumo.

Sasa niwaeleze kipimo kinavyokuwa, maana nadhani wengi wanaokitungia kanuni hawajawahi kukipitia. Simu inaingia kutoka ofisini: jina lako limetoka. Tangu Januari 2020 kampuni zinatakiwa kupima kwa kushtukiza idadi isiyopungua nusu ya madereva wake kila mwaka, kwa hiyo si jambo la ajabu. Ukishaambiwa unakwenda hapohapo. Zahanati hizo nyingi ziko nyuma ya majengo ya maofisi ambako trela halina pa kuegeshwa, basi unaliacha kituo cha malori na kulipa teksi. Unavua koti, unatoa vyote vya mfukoni, unanawa mikono mbele ya mkusanyaji, unakabidhiwa kikombe. Maji ya chooni yametiwa rangi ya buluu ili usiyachote. Mkojo usipungue mililita 45, na ndani ya dakika nne mkusanyaji asome joto lake, liwe kati ya nyuzi 32 na 38. Mkojo ukigoma kutoka, unapewa maji ya kunywa, yasiyozidi lita moja na kidogo, na muda wa saa tatu. Ukichoka ukaondoka, inaandikwa kwamba umekataa kipimo, na kukataa ni sawa na kufeli. Nimemwona mzee wa makamo, mtu wa heshima zake, mwenye matatizo ya kibofu, amekaa kwenye kile kiti cha plastiki anabugia maji kikombe baada ya kikombe na machozi yanamlenga. Hakuwa na bangi. Alikuwa na umri tu.

Fedheha hiyo tunaivumilia, kwani kazi ni kazi. Tatizo liko maabara. Kipimo cha mkojo hakitafuti THC, ile kemikali ya bangi inayolevya. Kinatafuta mabaki yake, yale yanayobakia baada ya ini kuichakata, ambayo hayalevyi. Ukivuka nanogramu 50 kwa mililita kwenye kipimo cha kwanza na 15 kwenye kile cha kuthibitisha, umekwisha. Mabaki hayo yanajificha kwenye mafuta ya mwili. Aliyeonja mara moja yanaweza kumtoka baada ya siku chache, na mtumiaji wa kila siku anaweza kukaa nayo mwezi na zaidi baada ya kuacha. Kwa hiyo karatasi ya maabara inaweza kuwaambia kwamba bangi iliwahi kuingia mwilini mwa mtu huyu. Haiwezi kuwaambia kama alikuwa na stimu alipokuwa barabarani. Hilo mnalijua wenyewe: taasisi yenu ya usalama barabarani, NHTSA, iliripoti kwa Bunge mwaka 2017 kwamba hata kiwango cha THC ndani ya damu hakilingani vizuri na kulewa kwa mtu, tofauti na pombe. Kama damu yenyewe inababaisha, mkojo wa wiki tatu utasema nini?

Pombe mmeifanyia akili. Dereva wa lori haruhusiwi kunywa ndani ya saa nne kabla ya kazi. Anapimwa pumzi, na akifikia kiwango cha pombe cha 0.04, nusu ya kile anachoruhusiwa mwenye gari dogo katika karibu majimbo yote, ameondolewa kazini. Akiwa kati ya 0.02 na hapo, anasimamishwa kazi kwa saa 24. Kanuni kali, na ni sawa iwe kali. Lakini mtu akilewa chakari Ijumaa usiku kwenye harusi ya mpwa wake, Jumatatu akaamka salama, kifaa kitasoma sufuri na atawasha injini kwa halali kabisa. Hamumuulizi ya Ijumaa.

Na tukitazama wengine walioko barabara ileile, mambo yanazidi kuchekesha. Colorado, ambako maduka yalifunguliwa 1 Januari 2014, mwenye gari dogo akipimwa damu na kukutwa na nanogramu 5 za THC yenyewe, ile inayolevya, mahakama inaweza kuhesabu kwamba alikuwa amelewa, na bado anayo nafasi ya kujitetea. Mimi nikiwa na mabaki yasiyolevya kwenye mkojo sina cha kujitetea. California nako, tangu 1 Januari 2024, sheria ya jimbo inawakataza waajiri wengi kumwadhibu mfanyakazi kwa mabaki hayo. Ikaachia nje kazi zinazopimwa kwa amri ya Washington, yaani sisi. Kwa hiyo pale ghalani Stockton ninaposubiri kupakiwa, yule kijana wa foklifti anayeingiza na kutoa mapaleti ya tani moja moja ndani ya trela langu analindwa na sheria akivuta Jumamosi nyumbani kwake. Namtakia heri. Ila nawauliza ninyi, wakuu: ni hatari ipi hasa aliyonayo dereva Jumatatu asubuhi ambayo kijana huyo hana?

Kuna mtego wa pili, na huu ndio unaowamaliza watu wetu zaidi kuliko bangi ya kuvuta. Sheria ya kilimo ya Desemba 2018 ilihalalisha hempu, bangi ile yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Tangu hapo nchi imejaa mafuta ya CBD, kemikali ya hempu isiyolevya, jeli, vinywaji na marashi ya kuchulia mgongo. Vinauzwa kwenye vituo vya mafuta, karibu na kaunta, kando ya vinywaji vya kuondoa usingizi, hata ndani ya baadhi ya majimbo yaliyoikataa bangi. Anayeviona kila siku ni nani kama si dereva wa lori? Kazi ya kukaa saa 11 usukani inaua mgongo. Kanuni inasema saa 11 za kuendesha ndani ya saa 14, ila haisemi mgongo upelekwe wapi. Dawa ya hospitali ni ghali. Chupa ya mafuta imeandikwa haina THC.

Mwenzetu mmoja, mtu wa Uvira, baba wa watoto watano, alinunua chupa ya namna hiyo. Ni mlokole ambaye hata soda anaigwaya. Akawa anadondosha chini ya ulimi kila usiku kabla ya kupanda kitanda cha nyuma ya kiti. Kipimo cha kushtukiza kikamkuta na mabaki. Daktari anayekagua matokeo akampigia simu, naye akaeleza kwa Kiingereza chake cha kuungaunga, akasoma maandishi ya chupa herufi kwa herufi. Haikusaidia kitu. Taarifa yenu ya Februari 2020 inasema wazi kwamba kutumia CBD si maelezo halali ya kitabibu, na kwamba hakuna anayethibitisha kilichoandikwa kwenye lebo. Taarifa hiyo iko kwenye tovuti. Chupa iko kaunta. Ninyi mnadhani dereva anapita wapi mara nyingi?

Msidhani ni ujinga wa wageni. Douglas Horn, Mmarekani, dereva mwenye uzoefu, aliumia kwenye ajali mwaka 2012, akanunua dawa ya CBD iliyotangazwa kwamba haina THC hata chembe. Kipimo cha kushtukiza kikamkuta, akafukuzwa kazi. Akaipeleka dawa ileile maabara, ikakutwa na THC. Tarehe 2 Aprili 2025 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ikasema kwamba anaruhusiwa kuendelea kuwashtaki waliomuuzia kwa hasara ya kazi yake. Miaka 13, na alichoshinda ni ruhusa ya kuendelea na kesi. Bunge nalo limeibana upya hempu Novemba 2025, na masharti mapya yamepangwa kuanza mwaka mmoja baadaye. Ni hatua njema. Waliokwisha kupoteza leseni haitawarudishia kitu.

Anayefeli anapitia nini? Anaondolewa usukani siku hiyohiyo. Jina linaingia kwenye rejista yenu ya Clearinghouse, iliyoanza 6 Januari 2020, ambayo kila mwajiri lazima aitazame kabla ya kuajiri. Anatafuta mshauri wa uraibu aliyeidhinishwa, anamlipa, anapangiwa masomo au matibabu, anayalipa, anarudi kukaguliwa tena, analipa. Kisha anapimwa tena kabla ya kurudi kazini, safari hii mkusanyaji akimtazama kwa macho mkojo unavyotoka. Akishapata mwajiri wa kumchukua, na wengi hawamtaki, anapimwa kwa kushtukiza si chini ya mara sita ndani ya miezi 12, zote akitazamwa, na mshauri akitaka anaweza kuendelea hadi miaka mitano. Tangu 18 Novemba 2024 majimbo yanatakiwa kumwondolea CDL kabisa hadi amalize hatua za kurudi. Kwenye rejista hiyo bangi peke yake ni zaidi ya nusu ya vipimo vyote vilivyofeli. Waliofungiwa wamepita laki moja, na wengi wao hawajaanza hata hatua ya kwanza ya kurudi. Makampuni yanalia kila mwaka kwamba madereva hawatoshi. Wapo. Wanaosha magari, wanapeleka pizza.

Yule mwenzetu wa Uvira alitafuta mshauri anayezungumza Kiswahili, hakumpata. Akaenda na binti yake wa miaka 15 akamfasirie. Fikirini mtu mzima anaulizwa mbele ya binti yake ameanza lini dawa za kulevya na anatumia kiasi gani, naye jibu lake la kweli ni kwamba mgongo ulikuwa unauma. Mshauri akaandika kwamba mteja anakana tatizo lake.

Na kwa asiye raia kuna shimo jingine chini ya hilo. Aprili 2019 idara ya uhamiaji, USCIS, ilitoa mwongozo kwamba kujihusisha na bangi kunaweza kumkosesha mtu uraia kwa hoja ya mwenendo mwema, hata kama jimbo lake limeihalalisha. Sasa dereva mwenye kadi ya kijani, amefeli kipimo, anaambiwa na mshauri afunguke, aseme ukweli wote ndipo asaidiwe. Mwanasheria anamwambia afunge mdomo. Watu wetu wanaogopa kwamba kila wanachokisema kitakwenda kwenye faili la uhamiaji, basi wanaacha mchakato wote na kuacha na kazi. Kama kumbukumbu za ushauri ni siri, hebu semeni hivyo kwa maandishi, kwa lugha wanazosoma, mtie na muhuri.

Niseme na hili, japo liko pembeni: hata asiyegusa bangi anaweza kuponzwa na mzigo. Januari 2019, mwezi mmoja tu baada ya hempu kuhalalishwa na Washington, dereva aliyekuwa anaipeleka Colorado kutoka Oregon alisimama kwenye mizani huko Idaho, akatoa makaratasi yake yote, akakamatwa. Mzigo ulikuwa wa tani tatu hivi. Ilibidi ifike Mei ndipo Wizara ya Kilimo iseme rasmi kwamba jimbo haliwezi kuzuia hempu halali kupita. Dereva kashaonja rumande. Aliyepanga safari na dalali aliyechukua asilimia yake wako nyumbani.

Sasa tufike kwenye linalowakabili mezani. Oktoba 2022 Rais Biden aliagiza daraja la bangi lipitiwe upya. Agosti 2023 Wizara ya Afya ikashauri ishushwe kutoka daraja la I, la dawa zinazobanwa kuliko zote, hadi la III. Mei 2024 Wizara ya Sheria ikatangaza pendekezo. Na Desemba 2025 Rais Trump akatoa amri jambo liharakishwe. Wizara yenu ikatoa taarifa mwezi huohuo kwamba kwa madereva hakuna kilichobadilika mpaka mchakato umalizike. Vizuri. Lakini miongozo ya Wizara ya Afya inayoziongoza maabara imejengwa juu ya dawa za daraja la I na la II. Wenye makampuni ya malori wameshawauliza: bangi ikihamia daraja la III, je, uwezo wa kuipima hautaanguka bila mtu kukusudia?

Hapa mtashangaa, mimi niko upande wa makampuni. Sitaki kipimo kife. Nina mke na watoto wanaopita I-80 kwa gari dogo, na nimeyaona malori yanayoyumba kutoka mstari huu hadi ule saa tisa za usiku. Mara nyingi ni usingizi, nakubali, na usingizi hauna kikombe cha kuupimia. (Sisi tuliokuwa matingo barabara ya Mombasa kwenda Malaba tunayajua ya madereva waliokesha na miraa shavuni, na hakuna aliyejidanganya kwamba macho makavu ndiyo akili timamu.) Ila aliyelewa bangi ni hatari vilevile, na siku mtakayoacha kumtafuta, mawakili wa kila aliyepata ajali watamtafuta kwa niaba yenu.

Kipimo kinachofaa mnacho tayari, kimelala kabatini. Mei 2023 mlitoa kanuni ya kutumia mate badala ya mkojo, ikaanza rasmi 1 Juni mwaka huo. Mate yanatafuta THC yenyewe, kuanzia nanogramu 4, na dirisha lake ni la saa kadhaa hadi siku moja au mbili. Yanachukuliwa mbele ya macho ya mkusanyaji, hakuna choo cha buluu, hakuna mzee wa kunyweshwa maji, na hakuna wa kuleta mkojo wa jirani kwenye chupa aliyoificha suruali. Hayatuambii mtu amelewa kiasi gani, hilo nalijua. Lakini yako karibu na ukweli wa siku ile ya kazi kuliko mkojo utakavyowahi kuwa. Kilichokwamisha? Kanuni inataka maabara mbili zilizoidhinishwa na Wizara ya Afya, moja ya kupima na nyingine ya kurudia kipimo dereva akipinga. Mwaka 2023 ukaisha pasipo maabara. 2024 ukaisha pasipo maabara. Wizara mbili zilizoko mji mmoja.

Ninachoomba ni hiki. Kaeni na wenzenu wa Afya mumalize suala la maabara, na mate yakianza, yawe ndiyo kipimo cha kwanza cha bangi kwa vipimo vya kushtukiza na vya baada ya ajali. Leo baada ya ajali mnaruhusu mkojo uchukuliwe hadi saa 32, jambo ambalo kwa bangi halimsaidii aliyekufa wala aliye hai. Mkojo ubaki kwa dawa nyingine mkitaka. Anayekutwa na mabaki tu, mate yake yakiwa safi, asimame kazi kwa siku mtakazoona zinafaa kama mnavyomfanya wa 0.02 ya pombe, apewe onyo, apimwe tena, jina lake lisikae miaka mitano kwenye rejista moja na la mtu wa kokeini. Na kabla bangi haijashushwa daraja, rekebisheni miongozo ya maabara ili pasiwe na siku hata moja ambayo hakuna kipimo kabisa.

Magavana, nanyi msijifiche. Colorado peke yake imekwisha kukusanya zaidi ya dola bilioni 2 za kodi na ada za bangi tangu 2014. Sehemu ndogo ya fedha hizo inatosha kuchapisha bango moja kwenye kila kaunta ya bangi na ya CBD, na kwenye kila kituo cha malori: mwenye CDL, bidhaa hii itakufutia kazi hata ukiitumia ukiwa likizo. Liwe kwa Kiingereza, Kihispania, Kipunjabi, Kirusi, Kisomali na Kiswahili, maana hao ndio wanaoegesha hapo usiku. Na shule zinazofundisha CDL, mnazozipa vibali ninyi, zifundishe jambo hili kwa saa nzima, mwanafunzi aulizwe kwenye mtihani. Nilipofundishwa mimi ilikuwa sentensi moja, kati ya namna ya kufunga minyororo ya theluji na namna ya kujaza kitabu cha saa.

Mheshimiwa Waziri, sikuombi unijibu barua yote. Nijibu tarehe: kipimo cha mate kwa madereva wa malori kitaanza lini?

Wako,
Dereva wa masafa marefu, Iowa